Maswali yenu: hela ya kustaafu ihesabuni kwa mwezi

Toleo lililopita tuliwaomba mtuletee maswali kuhusu kustaafu, hasa nyie mlioajiriwa mnaokatwa kila mwezi, na kwa kweli mmeleta mengi kuliko nafasi tuliyonayo. Nimechagua sita. Kabla sijaanza niseme kitu nilichokiona karibu kwenye kila barua: watu wanauliza "nitapata kiasi gani", wachache sana wanauliza "nitatumia kiasi gani kwa mwezi, na kwa miaka mingapi". Hilo la pili ndo linaloamua maisha yako baada ya kazi, na majibu yangu mengi leo yatarudi hapohapo.

Halafu jingine, mnatuandikia kutoka nchi tofauti na kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo kwenye hesabu nitatumia namba tupu bila kutaja fedha ya mtu. Mambo ya umri wa kustaafu na kikokotoo (kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni yako) ulizieni kwenye mfuko wenu, msiyachukue kwa jirani.

SWALI: Nina miaka 29, huu mwaka wa tatu nimeajiriwa. Nakatwa hela ya mfuko wa pensheni na mwajiri anaongezea. Wenzangu wananiambia niweke na akiba nyingine ya uzeeni pembeni, mimi naona ya mfuko inatosha na bado nina muda mrefu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, wenzako wako sahihi, ila ngoja nikuonyeshe kwa nini maana "weka akiba" kila mtu anaisema na haimsaidii mtu.

Kwanza jua mfuko wako ni wa aina gani. Kuna watu wanachangia miaka 20 hawajui. Aina ya kwanza inakuahidi pensheni kwa kikokotoo, yani wanachukua miaka uliyochangia, mshahara wako wa miaka ya mwisho au wastani wake, wanazidisha na asilimia fulani, inatoka pensheni ya kila mwezi mpaka unafariki. Aina ya pili ni akaunti yako binafsi, ulichoweka wewe na mwajiri pamoja na faida iliyopatikana ndo chako, hakuna aliyekuahidi itafika wapi. Singapore wanatumia akaunti za namna hiyo tangu 1955, Chile walihamia huko 1981. Kwenye aina ya kwanza unachotakiwa kulinda ni miaka yako ya kuchangia isikatike, kwenye ya pili unachotakiwa kulinda ni kiasi kinachoingia na makato ya uendeshaji wanayokata. Uliza wiki hii, ni swali la dakika 5.

Sasa je, inatosha? Kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 102 wa mwaka 1952, unaoweka kiwango cha chini kabisa cha hifadhi ya jamii, na kwa uzeeni unasema aliyechangia miaka 30 apate angalau asilimia 40 ya kipato chake cha nyuma. Hicho ni kiwango cha chini, mifuko mingine inalipa zaidi, lakini kinakupa picha ya tunachozungumzia. Halafu chukua slipu yako ya mshahara uangalie makato yanapigwa juu ya nini. Sehemu nyingi yanapigwa kwenye mshahara wa msingi tu, posho za nyumba na usafiri hazihesabiwi. Kwa hiyo mtu anayepokea 100, ambapo 60 ni msingi na 40 ni posho, pensheni ya asilimia 40 kwake ni 24. Amezoea kuishi kwa 100 anaenda kuishi kwa 24! Na hapo ni kama alichangia miaka yote bila kukosa mwezi.

Kuhusu muda, ndio unao, na ndo mtaji wako mkubwa kuliko hata mshahara. Fanya hesabu hii. Tuseme unaweka 100 kila mwaka mahali panapokupa faida ya asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei. Ukianza sasa hivi ukiwa na 29 mpaka 60 utakuwa na kama 5,930. Ukisubiri mpaka 39 ndo uanze, utakuwa na kama 3,200. Miaka 10 ya kusubiri umeokoa 1,000 tu ambayo hukuiweka, lakini umepoteza zaidi ya 2,700. Nimesema "juu ya mfumuko wa bei" kwa makusudi, maana akaunti inayokupa asilimia 3 wakati bei zinapanda asilimia 5 inakupunguzia hela kila mwaka, hata kama salio linaonekana linakua. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 20 kitu cha 100 kinauzwa 265.

Najua utasema mshahara hautoshi sasa hivi. Sawa, usikate sasa. Kata kwenye nyongeza. Wachumi wawili wa Marekani, Richard Thaler (huyu alipata Nobel ya uchumi 2017) na Shlomo Benartzi, waliandika mwaka 2004 kuhusu mpango waliouweka kwenye kampuni moja, ambapo wafanyakazi walikubali mapema kwamba kila mshahara ukipanda, sehemu ya nyongeza inaenda kwenye akiba ya uzeeni moja kwa moja kabla hawajaizoea. Ndani ya miezi 40 akiba yao ilitoka asilimia 3.5 ya mshahara ikafika 13.6, na hakuna mwezi ambao hela waliyokuwa wamezoea kupeleka nyumbani ilipungua. Hiyo unaweza kuifanya mwenyewe. Siku barua ya nyongeza ya mshahara inatoka, siku hiyohiyo nenda benki uandike maelekezo ya kudumu nusu ya nyongeza iwe inahama yenyewe kila tarehe ya mshahara. Ukisema utaanza mwezi ujao, hiyo nyongeza itakuwa imeshapata matumizi.

SWALI: Nina miaka 41. Nimeingia kuangalia taarifa ya michango yangu nikakuta zaidi ya mwaka mzima hakuna kitu, na slipu zangu zote zinaonyesha nilikatwa. Mhasibu anasema "inashughulikiwa", mwaka wa pili huu. Naogopa kudai kwa nguvu nisije nikaonekana mkorofi kazini.

JIBU: Kaka, pole sana, na naomba nikuambie wazi hiyo hela ni yako. Ilishakatwa kwenye mshahara wako, mwajiri anaishika tu kwa ajili ya kuipeleka. Kuidai sio ukorofi.

Nitakueleza hatua kwa hatua maana barua za namna hii ni nyingi mno. Chukua taarifa ya michango uichapishe, chukua slipu zako uzipange kwa mwezi, kaa na kalamu. Angalia mstari kwa mstari. Taarifa kwa kawaida ina mwezi wa mchango, jina la mwajiri, kiasi, na mara nyingi tarehe hela ilipopokelewa. Mwezi ambao upo kwenye slipu haupo kwenye taarifa, piga alama. Mwezi ambao upo lakini kiasi ni kidogo kuliko kilichokatwa, piga alama nyingine, maana kuna waajiri wanatangaza mshahara mdogo kuliko wanaokulipa ili na sehemu yao ipungue, na mtu hagunduli kwa sababu anaona "michango ipo". Angalia na tarehe ya kupokelewa. Mchango wa mwezi wa kwanza ulioingia mwezi wa kumi umekukosesha faida ya miezi yote hiyo.

Ukishapata orodha, angalia juu kabisa kwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya uanachama. Usiruke hapa. Mara nyingine michango haijapotea, imeingia kwenye namba nyingine kwa sababu ulipohama kazi walikufungulia uanachama mpya badala ya kutumia ule wa zamani, au kitambulisho kina majina matatu na ajira ina mawili, au tarehe ya kuzaliwa imekosewa mwaka mmoja. Ukiwa na 41 unarekebisha kwa fomu na nakala ya kitambulisho. Ukiwa na 60 unarekebisha kwa kuzunguka ofisi miezi na miezi huku mshahara umeshakata, na maofisa waliokuajiri hawapo, na kampuni yenyewe labda ilishafungwa.

Halafu mwandikie mwajiri, kwa maandishi, kwa adabu kabisa: "naomba uthibitisho wa kuwasilishwa kwa michango yangu ya miezi ifuatayo", orodha, tarehe, sahihi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usimtuhumu mtu. Wape wiki mbili. Wakikaa kimya peleka nakala ya barua, slipu na taarifa kwenye mfuko wenyewe. Nchi nyingi sheria inaupa mfuko nguvu ya kumdai mwajiri deni pamoja na tozo ya kuchelewesha, na ukaguzi ukija unamhusu kila mfanyakazi, sio wewe peke yako. Ndo maana kama unaogopa kusimama mwenyewe nenda na wenzako au pitia chama cha wafanyakazi. Nina uhakika ukiwauliza wenzako wa idara hiyohiyo wakague, utakuta na wao wana mashimo.

Na usichelewe. Deni la mwajiri ambaye bado anafanya biashara linalipika, mwajiri aliyefilisika mnapanga foleni na benki na wadai wengine.

SWALI: Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nina 57. Nimehesabu mkupuo wangu utakuwa kama mishahara 60, yani miaka mitano ya mshahara kwa mara moja. Nimepanga nijenge nyumba ya kupangisha, ninunue gari la biashara, na watoto wangu wawili niwape mtaji. Naomba ushauri biashara ipi inalipa zaidi kwa mstaafu.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako la biashara nitalijibu, ila naomba uniruhusu nianze nyuma kidogo.

Huo mkupuo wa mishahara 60 unaonekana mkubwa kwa sababu hujawahi kuushika wote kwa pamoja. Hebu tuugawe. Utastaafu na 60, na tupange hela zifike angalau mpaka ukiwa na 90, maana hakuna anayejua siku yake na kuishiwa hela ukiwa na 78 hata kazi ndogo huwezi kuifanya tena ni mateso. Ujerumani walipoanzisha bima ya uzee mwaka 1889, wa kwanza kuifanya sheria ya taifa, umri wa kulipwa uliwekwa 70 na waliofika huko walikuwa wachache. Siku hizi mtu anastaafu na 60 akiwa na nguvu zake na anaishi miaka 20, 25, hata 30. Sasa miaka 30 ni miezi 360. Mishahara 60 ukiigawa kwa miezi 360 unapata sehemu moja ya sita ya mshahara kwa mwezi. Hiyo ndo thamani halisi ya mkupuo wako: ni mshahara mdogo, mmoja wa kila mwezi, wa maisha yote yaliyobaki. Ukiwekeza vizuri unaongezeka kidogo. Mshauri mmoja wa fedha wa Marekani, William Bengen, alikokotoa mwaka 1994 kwamba mstaafu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka akaongeza kulingana na bei, akiba iliyochanganya hisa na hati fungani (yani unaikopesha serikali au kampuni inakulipa riba) ilidumu miaka 30 hata kwenye vipindi vibaya vya historia ya masoko yao. Kwa mishahara 60 hiyo ni moja ya tano ya mshahara kwa mwezi. Na hizo ni takwimu za Marekani, palipo na mfumuko mkubwa wa bei unatakiwa utoe kwa tahadhari zaidi. Ukijumlisha na pensheni ya kila mwezi ndo unapata picha ya maisha yako.

Sasa angalia mipango yako mitatu. Nyumba inachukua sehemu kubwa kwa mkupuo na ujenzi una tabia ya kuzidi bajeti, gari linachukua nyingine, watoto nyingine, na yote yanatoka mwaka mmoja, mwaka ambao mshahara umekatika. Hela ya kustaafu ni tangi la maji ambalo bomba la kuingizia limefungwa limebaki la kutolea tu. Kosa dogo ukiwa kazini unalifidia na mshahara wa mwezi ujao, ukishastaafu hulifidii.

Kwa hiyo biashara ipi? Jibu langu ni ile ambayo utaianza sasa hivi, ndogo, kwa hela ya mshahara, ukiwa bado umebakiza miaka mitatu. Sijali ni ipi. Kama ni gari la biashara, basi ingia ubia mdogo na mtu anayelo, ujue dereva analeta hesabu ya kila siku vipi, matairi yanakaa miezi mingapi, siku gari limelala gereji nani analipa, bima inakatwa lini. Baada ya mwaka utakuwa unajua kama unaiweza au huiwezi, na kujua huko kutakuwa kumekugharimu kidogo. Mtu aliyekaa ofisini miaka 35 halafu anaingia biashara asiyoijua kwa mtaji wake wote, kwenye umri wa 60, mimi siwezi kumwambia aende. Na hata ukiiweza, binafsi nisingeiwekea zaidi ya sehemu moja ya tano ya mkupuo. Iliyobaki, ya matumizi ya mwaka mmoja weka benki mahali unapoweza kuitoa haraka, na nyingine kwenye vitu vinavyolipa taratibu kama hati fungani za serikali na mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hata kama havina mbwembwe.

Nyumba ya kupangisha sio mbaya mzee wangu, ila anza nayo sasa kwa awamu, usiisubiri mkupuo. Na piga hesabu yake kwa mwezi pia: kodi utakayopokea ukitoa matengenezo, kodi ya jengo na miezi isiyo na mpangaji, inakupa kiasi gani kwa kila 100 uliyozika pale? Kama ni pungufu ya kile hati fungani zinalipa, basi unajenga kwa kupenda, sio kwa kipato, na ni haki yako kupenda ila ujue.

Watoto sasa. Hapa najua ni pagumu maana wameshasikia. Wape, ila wape baada ya hesabu ya mwezi kukamilika, na usiwatajie kiasi chote. Mzazi aliyetoa mtaji wake wote akabaki anaomba hela ya dawa kwa watoto walewale anawabebesha mzigo mkubwa kuliko kama asingewapa.

Mambo mengine matatu haraka haraka. Mikopo: hakikisha hakuna mkopo unaovuka tarehe yako ya kustaafu, ukiwa nao tumia miaka hii mitatu kuumaliza kabla ya kitu kingine chochote. Bima ya afya: uliza leo kama ya kazini inaendelea au inakata siku unaondoka, na kama inakata anza kuchangia ya binafsi mapema kabla umri na magonjwa havijaipandisha bei. Na wajanja: watakuja, wengine wa kanisani au msikitini, wengine ndugu, na mradi unaolipa asilimia 10 kwa mwezi. Asilimia 10 kwa mwezi ikizungushwa inakuwa zaidi ya mara tatu ya hela yako kwa mwaka mmoja. Hakuna biashara halali inayoahidi hivyo kwa uhakika. Jiwekee sheria kwamba miezi sita ya kwanza hela inakaa benki haiguswi na mtu, hata mradi uwe mzuri vipi, ili siku ukisema "hapana" iwe ni sheria sio wewe.

SWALI: Nina miaka 46, kazi zangu zote zilikuwa za mkataba mfupi mfupi, sijawahi kuwa na mfuko wowote. Nimeshachelewa?

JIBU: Umechelewa dada, ila sio kwamba basi. Una vitu viwili mkononi, kiasi unachoweka na umri wa kuacha kazi, na huo wa pili watu wanausahau. Angalia. Ukiweka 100 kila mwaka kwa faida ile ya asilimia 4, ukiacha kazi na 60 una kama 1,830, na tukisema iende mpaka 85 unagawa kwa miaka 25, unapata 73 kwa mwaka. Ukiendelea mpaka 65 una kama 2,770 na unagawa kwa miaka 20, inakuwa 138. Miaka mitano tu, karibu mara mbili! Kwa sababu unaongeza muda wa kuweka na wakati huohuo unapunguza muda wa kula. Kwa hiyo tafuta kuanzia sasa kazi ambayo mwili wako utaiweza ukiwa na 63, hata kama ni ya nusu siku. Na mifuko mingi inapokea wachangiaji wa hiari, nenda ukajiandikishe, mkataba ukiisha unaendelea kuchangia mwenyewe.

SWALI: Naacha kazi nahamia kampuni nyingine, nina 33. Nichukue michango yangu yote au niiache?

JIBU: Iache. Hela utakayochukua leo ukiiacha mpaka 60 kwa faida ya asilimia 4 juu ya mfumuko inakuwa karibu mara 3. Na kama mfuko wako ni wa kikokotoo kuna hasara nyingine isiyoonekana, unafuta miaka uliyochangia, na mifuko mingi ina idadi ya chini ya miezi ya kuchangia ili upate pensheni ya kila mwezi, ukipungukiwa unapewa kitu kidogo kwa mara moja basi. Hamia na namba ileile ya uanachama. Ningekuelewa kama una ugonjwa au nyumba yako inakaribia kupigwa mnada, lakini kuhama kazi sio dharura.

SWALI: Mume wangu anastaafu mwakani. Sijui mfuko wake, sijui namba zake, sijui aliandika nani kama mrithi. Nikiuliza naogopa ataona nasubiri afe. Nifanyeje?

JIBU: Mama, asante kwa kuandika hivi, wengi wako kwenye hali yako na wanakaa kimya mpaka wanajikuta kwenye dirisha la ofisi wakiwa wamevaa nguo za msiba.

Usianze na karatasi zake, anza na zako. Siku ambayo mmetulia mwekee mezani za kwako: akaunti yako, kikundi chako cha kuweka na kukopa, madeni yako, nani umemwandika mrithi. Mwambie "nikiumwa ghafla nataka ujue viko wapi". Mwanaume mwenye akili timamu atatoa na za kwake. Asipotoa siku hiyo, usigombane, rudia baada ya wiki mbili na swali moja tu la tarehe: fomu za kustaafu anaanza kujaza lini? Kwa sababu kuna kitu cha haraka hapo, na hiki mwambie kama kilivyo bila kuzunguka.

Mtu akikaribia kustaafu anapewa fomu ya kuchagua jinsi ya kulipwa. Mifuko mingine inampa chaguo la pensheni kubwa inayoisha siku anayofariki, au pensheni pungufu kidogo inayoendelea kwa mwenza, au yenye muda wa uhakika kwamba akifariki mapema familia inalipwa mpaka muda huo uishe. Mara nyingi ukishasaini huwezi kubadilisha. Wanaume wengi wanachagua kubwa kwa sababu ni kubwa, na hawakumuuliza mtu. Kama nyie mnategemea pensheni moja, mimi ningechagua pungufu inayoendelea, bila kusita, maana kati yenu mmoja atabaki.

La pili ni fomu ya wategemezi, yani majina ya watakaolipwa akifariki. Ile alijaza siku ya kwanza ya kazi, pengine kabla hajakuoa, pengine mama yake ambaye alishatangulia ndo bado yupo pale, pengine mtoto wa tatu hajaandikwa. Inabadilishwa kwa fomu moja na nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na inabadilika akiwa hai tu.

Mkishafika hapo tafuteni faili moja, liwe la karatasi sio la kwenye simu. Weka ndani namba ya uanachama wa mfuko, taarifa ya michango ya karibuni, barua ya ajira na ya kupandishwa cheo, slipu za mwaka wa mwisho, nakala za vitambulisho vyenu, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, fomu ya wategemezi yenye muhuri, karatasi za benki, bima, na orodha ya madeni mnayodai na mnayodaiwa. Majina yawe yameandikwa sawa kwenye karatasi zote, mkikuta yamepishana anzeni kula kiapo cha kuthibitisha majina sasa hivi kabla ya mwakani. Mmoja wa watoto wenu wakubwa aonyeshwe faili liko wapi, na namba ile ya uanachama iandikwe na mahali pengine nje ya nyumba.